Ubeti Ambao Redio Ilitukatia

Jumapili iliyopita walinisimamisha kanisani. Mchungaji akasema mama huyu amemaliza kazi Uarabuni, amerudi salama, apigiwe makofi. Nje, wasichana wenye visa mkononi wakanizunguka wakitaka niwaandikie ushauri kidogo. Mmoja akasema, "Tuandikie ya kututia moyo, mama." Ya kuwatia moyo! Sawa, nimeandika. Lakini nimeandika nikiwa na hasira, na mkifika mwisho mtajua ni ya nini. Mshahara siuzungumzii, mtajionea wenyewe. Cheo pia hakuna. Mfanyakazi wa nyumbani kitu anachopanda ni ngazi, tena na kapu la nguo kichwani. Mimi nataka kuwaambia habari ya wimbo mmoja wa kantri.

Nimetoka Kinangop, na huko kwetu kantri si muziki wa Wamarekani, ni wetu. Mtu akifa ni kantri, mtu akioa ni kantri. Jumapili mchana redio za kijiji kizima zilikuwa kwenye kipindi kimoja, na baba yangu alikuwa anamfokea hata mgeni akiongea juu ya gitaa. Maneno yenyewe hatukuyafuata sana. Tulisikia mwanaume analia kwa pua, tukasikia gari moshi, mama, mvua, basi tukalia pamoja naye tukajisikia vizuri. Maana tuliambiwa na mtangazaji. Akisema huu ni wimbo wa shukrani, ni wa shukrani. Akisema ni wa uvumilivu, nani atabisha?

Wimbo wa Clara ndio uliopendwa kuliko zote. Mwanaume anaimba kuhusu mke wake. Ubeti wa kwanza, anakuja nyumbani amelewa, Clara anampigia pasi shati la Jumapili. Wa pili, anamvunjia sahani kichwani, na asubuhi Clara anapiga pasi. Wa tatu, theluji imeanguka, kuni zimeisha, na Clara yuko dirishani na taa. Kiitikio kinasema Clara yuko, Clara bado yuko. Halafu gitaa linalia peke yake, na hapo mtangazaji anaingia na salamu zake: salamu zimwendee fulani wa Njabini, fulani wa mji wa Engineer, na yule wa duka la dawa za ng'ombe. Wimbo umekwisha. Mama zetu waliuimba wakikamua. Uliimbwa hata kwenye harusi, bibi harusi amesimama pale na shela, anaimbiwa habari ya sahani!

Sasa, chuo cha ajenti aliyetupeleka Uarabuni kilikuwa Nairobi, juu ya duka la viatu. Ilikuwa miaka ile kila ukuta wa mjini una bango la kazi Saudia. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa wigi refu, na alikuwa na spika ndogo aliyoipenda kuliko sisi. Kila asubuhi tukijifunza pasi, anawasha Clara. Alikuwa ameurekodi kutoka redioni. Mwishoni, gitaa likilia, ulimsikia mtangazaji akivuta pumzi aanze salamu, na hapo ndipo mwalimu alipobonyeza kuzima. Kisha anatuuliza.

"Clara alitoroka?"

"Hapana, mwalimu!"

"Clara alimjibu bosi wake?"

"Hapana, mwalimu!"

Mume amekuwa bosi, na hakuna aliyeona ajabu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nami nikaitikia na wale wasichana. "Nyinyi ndio akina Clara," alituambia siku ya mwisho, akatukumbatia mmoja mmoja, akaenda kupokea darasa lingine.

Nilipelekwa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwenye nyumba ya ghorofa yenye watoto wengi na mazulia mengi zaidi. Siku ya kwanza madam alichukua pasipoti yangu akampa mumewe, niliyemwita baba, naye akaifungia kwenye sanduku, na mimi nikaonyeshwa chumba cha pasi kabla ya kuonyeshwa kitanda. Nashukuru Mungu nilimkuta Syombua, mama wa Machakos aliyekuwa amekaa pale miaka. Ndiye aliyenifunza kazi. "Yalla si tusi," aliniambia, "ni kama sisi tukisema haya. Wakisema halas, acha hicho kitu chini, usimalizie. Na ukiulizwa kama umechoka, hilo si swali."

Syombua alinifunza kanzu. Sikilizeni hapa, kwa sababu chuoni hamtafunzwa. Kanzu ya mwanaume wa Kisaudi haipigwi pasi kama shuka. Anza na kola, ndani kwanza halafu nje. Njoo mikono, njoo mabega, halafu ule ukanda wa vifungo, na mwili wote uwe wa mwisho, la sivyo utaukunja ukihangaika na kola. Wanga wa kupuliza weka kidogo. Ukizidisha, kanzu inasimama yenyewe na bosi anakaa kama amevaa boksi. Na ile pasi kubwa ya mvuke, yenye tangi na mpira wa kupitishia mvuke, muiogope. Usiijaze maji ikiwa na moto. Ukiona mpira unatoa mvuke pembeni, ichomoe, iweke chini, usiishike tena hata ukipigiwa kelele. Hilo la mpira likumbukeni hata mkisahau mengine yote.

Nguo tulianika juu ya paa, na paa ndilo lililokuwa kanisa letu. Wimbo wa dini huwezi kuuimba kwa sauti kule, jirani akisikia ni mambo mengine. Lakini kantri! Kantri haikuwashtua. Walisikia Kizungu na maombolezo wakadhani ni mambo ya televisheni. Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa, wenye nyumba wakiwa wamelala, ungesikia paa hili Mkenya anaanza, paa lile mwingine anaitikia, kuta katikati, hatuonani uso. Tuliimba Clara kama wimbo wa tenzi. Syombua alifunga macho kabisa akifika kwenye theluji, na theluji yenyewe hajawahi kuiona. Alipomaliza mkataba wake akaniachia kibanio cha nguo na nafasi yake ukutani, akaenda zake kwao.

Nyumba ya upande wa pili wa ukuta wetu ikaletewa msichana mpya. Nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti nyembamba, safi, inaimba Clara bila kukosa neno. Nikapanda juu ya ndoo nikachungulia. Alikuwa Chepkoech, wa Bomet, mrefu, na alitabasamu mpaka nikasahau jua. Amesomea chuo kilekile, kwa mwalimu yuleyule wa wigi. Aliniita mama tangu siku hiyo. Simu yake ilikuwa imechukuliwa na madam wake alipofika tu, kwa hiyo habari za nyumbani alizipata kwangu, mimi nikimpigia mama yake nikiwa jikoni.

Chepkoech alifanya kazi nyumba mbili, ya madam wake na ya mama wa madam. Kanzu za wanaume wa nyumba zote mbili zilikuwa zake. Akaniambia mpira wa pasi umeanza kutoa mvuke pembeni. Amemwambia madam. Madam amesema bukra, yaani kesho. Nikamwambia asiiguse. Akasema sawa, mama. Kesho yake akaambiwa kanzu za wageni wa harusi zinangojewa, bukra ya pasi haijafika, akaishika. Mpira ukapasuka mkononi.

Nilipomwona, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha kufutia vyombo, na chini yake amepakwa dawa ya meno. Dawa ya meno! Kwa mtu aliyechemshwa!

"Umeona daktari?"

"Madam amesema bukra. Ni mvuke tu, mama. Utapona."

Haukupona. Alipewa glavu ya mpira avae juu yake aoshe vyombo, kisha akarudishiwa kanzu, apige pasi kwa mkono wa kushoto. Kila nilipochungulia, kile kitambaa kimebadilika rangi. Vidole viwili vya mwisho vikawa vyeusi, na nikasikia harufu ukuta ukiwa katikati yetu. Wasichana wangu, mimi nimelea watoto, nimeuguza mama mkwe, najua mkono unaokufa.

Nikamwendea madam wangu. Akanisikiliza akiwa anachagua bizari, akasema, "Si nyumba yetu." Nikamwendea baba jioni akiwa kwenye zulia na kahawa. Yeye alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kuniinulia sauti. Akasema nyumba ya watu ni siri ya watu. Alisema kwa huruma kabisa, kisha akaomba tende. Siku ile nilitamani kumwaga ile kahawa kwenye mazulia yote.

Basi aliyebaki ni Chepkoech mwenyewe. "Keti chini," nilimwambia. "Kataa kazi mpaka wakupeleke hospitali. Mkono hauna bukra."

"Nikikataa watanirudisha ofisini kwa ajenti waseme mimi ni mkaidi. Na mwalimu alituambia..."

"Mwalimu yuko Nairobi na vidole vyake vyote!"

"Mama, Clara alipasuliwa sahani kichwani na asubuhi akapiga pasi." Alisema hivyo na machozi yanashuka, anaamini. "Na mimi nitaweza."

Nilikuwa nimelelewa na wimbo uleule.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula, baba alitupakia kwenye gari kwenda kumwona mama yake kule Al-Suwaidi. Madam mbele, mimi nyuma na watoto mapajani. Baba alisoma Amerika ujanani, na akarudi na vitu viwili, buti zenye ncha na kantri. Akaweka Clara. Nikaimba kwa ndani, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, gitaa. Nikangoja kimya kije, kwa sababu kwetu ni hapo wimbo unakatwa kwa salamu. Kimya hakikuja. Gitaa likatulia na yule mwanaume akarudi kuimba. Nikadhani ni wimbo mwingine.

Nitawapa kwa Kiswahili jinsi nilivyousikia. Pasi imepoa, anasema. Shati langu liko kwenye waya wa ua, amelifunga mikono fundo. Clara amechukua mtoto na koti na basi la asubuhi. Taa ya dirishani inawaka, lakini mimi ndiye niliyeiwasha. Halafu kiitikio kilekile, Clara yuko, Clara bado yuko, na sasa unasikia anajidanganya. Mjinga ameketi peke yake kwenye nyumba baridi. Wimbo mzima ameuimba baada ya kuachwa! Uvumilivu gani? Ni mtu anajililia.

Nilishika kiti cha mbele. "Baba, huyu mwanamke ameenda?"

"Hukujua?" Akacheka, akanitazama kwenye kioo. "Alimwacha. Wimbo wote ni huo."

"Kwetu unaishia kwenye gitaa."

"Miskin," akasema, akatikisa kichwa, na kwa muda nikadhani anamsikitikia Clara. "Miskin, huyu mwanaume. Nani atampigia pasi sasa?"

Nawaambia ukweli, niliona giza. Kijiji kizima, harusi zote zile, mama zetu wote wameinama chini ya ng'ombe wakiimba Clara bado yuko, na Clara yuko kwenye basi! Mtangazaji mmoja alikuwa na haraka ya salamu zake. Tena sijui kama hakujua. Huenda alijua vizuri sana. Yule mwalimu wa wigi je? Mwalimu alibonyeza kuzima na kidole chake mwenyewe kila asubuhi. Nikamwomba baba anitumie ule wimbo kwenye simu. Alifurahi mno, akasimamisha gari pembeni akanitumia hapohapo, akidhani namwonea huruma yule mwanaume mwenzake.

Asubuhi yake nikapanda paani na kapu la nguo ambazo zilikuwa zimekauka tayari. Chepkoech akaja akianika kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuinua karibu na bega. Nikamwambia. Sijawahi kumwona amekasirika mpaka siku ile.

"Hiyo umetunga."

"Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Umetunga, mama, unataka nifanye fujo. Mama yangu ameimba wimbo huu tangu nizaliwe. Mama yangu ni mwongo?" Akageuka anipe mgongo. "Usiniharibie Clara. Nimebaki naye tu hapa."

Sikubishana. Nikaweka simu juu ya ukuta, sauti mpaka mwisho, nikabonyeza. Aliendelea kuanika akinikaushia. Ubeti wa kwanza akabana soksi. Wa pili, shuka. Ulipofika wa tatu midomo yake ilikuwa inaimba bila ruhusa yake. Gitaa likalia, akainama kuchukua kapu, ashuke, wimbo umekwisha. Na yule mwanaume akarudi.

Alibaki ameinama hivyohivyo, mkono mmoja kwenye kapu, mpaka mwisho kabisa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alienda," akasema. "Kumbe alienda! Na mtoto!" Kisha akanitazama, na uso ule wa kutabasamu haukuwepo tena. "Walitunyima hiyo kwa nini?"

"Ungekuja hapa ukiijua?"

Akaliacha kapu paani na nguo mbichi ndani yake, akashuka.

Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Nikasikia kwenye ua wa nyumba yao sauti ya madam, kisha sauti ya Chepkoech, kubwa, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Mafi shughul!" Hakuna kazi. "Mustashfa!" Hospitali. Nikapanda ndoo. Alikuwa amefungua lango dogo, ametoka, ameketi chini barabarani mbele ya gari la bosi wake, amefungua kile kitambaa na kuuweka mkono juu ya goti mahali pa kuonekana. Na wanaume wa mtaa wanarudi kutoka msikitini. Mmoja akasimama. Wawili wakasimama. Mzee mmoja akafunika pua kwa kilemba, akauliza huyu ni wa nyumba ya nani. Madam akiita kutoka nyuma ya lango, yalla, ingia ndani, yalla, na Chepkoech hageuki. "Mustashfa," anawaambia wapita njia, mmoja mmoja, kwa adabu, kama anawaamkia.

Bosi wake alipofika na kuwakuta majirani wamemzunguka, alifungua mlango wa gari haraka kuliko nilivyowahi kuona mwanaume akifungua. Siri ya nyumba ilikuwa barabarani. Siwezi kusema alikuwa na aibu kwa ajili ya mkono. Alikuwa na aibu kwa ajili ya lango lake. Lakini alimpeleka.

Vile vidole viwili vilikatwa. Daktari alimuuliza kwa nini hakuja wiki iliyopita, vingepona. Wiki iliyopita alikuwa anawapigia wageni wa harusi kanzu. Ofisi iliyomleta ikasema ameharibu jina la kampuni, ikamfanyia karatasi za kurudi nyumbani. Sikumwona tena. Kapu lake lilikaa paani siku nyingi, mpaka nguo zikawa ngumu juani.

Mimi nilimaliza mkataba wangu, nikahamia Jeddah, Al-Nuzha, kwa bibi mzee na wanawe. Jeddah kuna unyevu, wanga haushiki, kola zinalala, na madam analaumu mkono wako badala ya bahari. Nilikuwa ndiye mkongwe sasa. Kila Mkenya mpya niliyekutana naye kwenye ngazi za lile jengo nilimsikilizisha Clara mpaka mwisho kabla ya kumfunza kanzu. Wengine walilia. Mmoja alinitukana. Sikujali.

Huko ndiko Chepkoech alikonipigia, akiwa kwao Bomet, na simu yake mwenyewe. Nilimuuliza mkono. Akasema anakamua kwa ule wa kushoto na wa kulia unasaidia. Nikamuuliza safari ilikuwaje, akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo, na ndicho nilichokuwa nacho tumboni Jumapili mkinipigia makofi.

Uwanja wa ndege wa Riyadh, anasema, afisa alimwambia aweke vidole vinne vya kulia juu ya kioo cha mashine. Akaviweka vilivyokuwepo. Mashine ikalia. Afisa, bila kumtazama, akamwambia aweke vinne. Akaweka tena. Ikalia tena. Ndipo alipoinua macho akaona bandeji.

"Wein?" akauliza. Viko wapi?

Na Chepkoech, kwa Kiarabu chake cha jikoni, mstari mzima wa watu nyuma yake ukisikia, akamjibu.

"Fi Naseem. Inda madam." Viko Naseem, kwa madam.

Afisa akaitazama mashine. Akamtazama. Akagonga muhuri, akasema yalla, apite.